Siku Profesa Alipomuuliza Mama Habari za Ng'ombe

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu hapa Sake na diploma zenu ndani ya plastiki, mkiniuliza, "Maître, tufanye namna gani twende kusoma sheria Ulaya?", karibuni, kaeni, chai ipo. Nimeacha kazi ya uwakili kwa sababu magoti yamekataa, lakini mdomo haujakataa. Mnataka nianze na barua ya maombi, na viza, na koti la baridi. Nitafika huko. Ila kitu kilichonishika kule, ambacho hata leo hakijaniachia, si koti.

Nilikwenda Ubelgiji nikiwa na miaka arobaini na sita. Nilikuwa nimeshafanya kazi ya wakili Masisi miaka kumi na mitano, nimezaa, nimefiwa na mume, nina nywele nyeupe mbele hapa. Bourse, ule msaada wa masomo, ilinipata katika umri ambao wenzangu walikuwa wanaoza mabinti. Kwa hiyo kijana wa miaka ishirini na nane akiniambia amechelewa kusoma, mimi ninamcheka usoni.

Siku ya kwanza niliingia darasani nimevaa kitenge changu kizuri na koti la kuazima juu yake. Vijana walikuwa wanapiga kelele. Waliponiona wakanyamaza wote, wakafungua madaftari, wakanitazama. Mimi nikafikiri, kumbe watoto wa huku wana adabu! Nikawasalimia. Wakaitikia. Nikatafuta kiti mstari wa mbele, nikakaa. Hapo ndipo walipoelewa kwamba mimi si profesa, na mimi nikaelewa kwamba hawakuwa na adabu kuliko watoto wa Goma. Tulicheka sana baadaye. Wenyewe ndio walionifundisha kutumia kompyuta ya maktaba.

Kuhusu lugha msiogope. Kifaransa chetu ni kile kile cha Wabelgiji. Tulikuwa na mwanafunzi mmoja kutoka Ufaransa. Profesa akisema *septante* ao *nonante*, sabini na tisini kama sisi tunavyozisema, yule kijana anabaki anahesabu vidole, na mimi mtoto wa kijiji cha Nyamitaba ndiye ninayemtafsiria.

Lakini maktaba. Niwaambie habari ya maktaba.

Wakati ninasoma Goma, darasa letu zima lilikuwa na kitabu kimoja cha sheria za ardhi. Kilikuwa fotokopi ya fotokopi, kimefungwa na kamba ya nailoni, na kurasa za katikati mtu alikuwa ameshazing'oa. Tulipokezana. Kila mtu alikuwa na saa zake. Sasa mtu huyo umchukue, umwingize katika nyumba ya orofa sita iliyojaa vitabu, milango wazi, hakuna anayekuuliza barua ya ruhusa, unanyoosha mkono unachukua. Nilipanda orofa moja baada ya nyingine. Kwenye orofa ya nne nikakuta rafu nzima ya sheria za Congo, gazeti rasmi la nchi yangu, miaka yote imepangwa, hakuna ukurasa uliong'olewa. Nikaweka mkono juu ya migongo ya vile vitabu, sikuweza kuutoa. Mwanamke wa maktaba akaja taratibu akaniuliza kama ninaumwa.

"Hapana, Madame," nikamwambia. "Ninasalimia."

Ndiyo maana kosa langu kubwa lilitokea. Nilikuwa na njaa ya vitabu, na mtu mwenye njaa hatafuni vizuri.

Profesa wangu aliitwa Madame Lievens. Mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo, alifundisha sheria ya mali na mikataba. Alitupa kazi ya kuandika kurasa kumi. Mimi nikachukua kitabu chake mwenyewe, nikakisoma mpaka nikakishika kichwani, na kurasa nne nikaziandika kama alivyoziandika yeye, neno kwa neno, bila alama, bila kusema zimetoka wapi. Msinishangae. Sisi tulifundishwa hivyo. Mwalimu anasoma, unaandika. Siku ya mtihani unamrudishia maneno yake yote, hakuna lililopotea, naye anafurahi. Kwangu mimi ile ilikuwa heshima.

Akaniita ofisini. Kazi yangu ilikuwa mezani, imepigwa mistari myekundu.

"Maneno haya ni yangu," akasema.

"Ndiyo, Madame." Nilikuwa ninatabasamu. "Nimeyashika yote."

Alinitazama usoni. Nadhani alikuwa anatafuta kama ninamdhihaki. Kisha akanieleza, polepole, kwamba kule jambo hilo linaitwa wizi. Kwamba kuna tume ya nidhamu. Kwamba tume ikiamua, mwanafunzi anafukuzwa na bourse inakufa siku hiyo hiyo.

Watoto wangu, mimi niliyetetea wezi wa mbuzi miaka kumi na mitano, siku ile niliketi upande wao. Nikamwambia, "Madame, kwetu mtu akirudia maneno yako, amekuheshimu. Sikujua."

Akavua miwani. "Ninakuamini," akasema. "Nina haki ya kukurudishia kazi hii mara moja tu. Una wiki tatu. Usifungue kitabu changu. Chukua tatizo moja la kweli la huko kwenu, uniambie wewe unafikiri nini."

Wewe unafikiri nini. Nilitoka, nikakaa kwenye ngazi za jengo, na nikalia. Sikulia kwa woga peke yake. Nilikuwa nimesoma shule ya msingi, sekondari, université, nimesimama mbele ya mahakimu mara ambazo siwezi kuzihesabu, na katika miaka yote ile hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Tatizo nililolichagua mnalijua, nyinyi mliozaliwa huku. Mapigano yanakuja, watu wanakimbia. Mwenye ng'ombe hawezi kukimbia na ng'ombe wote. Anamwachia jirani wawili, watatu: "Unilindie." Anaondoka. Anarudi baada ya miaka. Ng'ombe wa kwanza ameshakufa, lakini amezaa, na watoto wake wamezaa. Sasa hao kumi na mmoja kilimani ni wa nani?

Nililichagua kwa sababu lilikuwa linaniuma. Miaka michache kabla ya safari nilimtetea mama mmoja wa Ngungu, Mama Furaha, aliyekuwa amemwachia jirani ng'ombe wake, katika kesi ya namna hiyo. Niliingia mahakamani na vifungu vya sheria, ninavitaja kwa namba kama padri anayesoma litania. Tulishindwa. Mama Furaha akarudi nyumbani na ng'ombe mmoja mzee asiye na maziwa. Hakunilaumu. Alinipa mkono, akaniambia, "Merci, Maître," akashika njia. Ningependa angenitukana.

Nikaandika kurasa zangu kumi. Madame Lievens akazisoma mbele yangu, kisha akaniuliza, "Hii desturi ya kuachiana ng'ombe ina kanuni zake?"

"Inazo."

"Zimeandikwa wapi?"

"Hazikuandikwa."

"Basi nani anazijua?"

Nikajibu, "Mama yangu."

Nilidhani atacheka. Akavuta simu ya mezani, akaisogeza upande wangu. "Tumpigie."

Mama yangu alikuwa Nyamitaba. Hakusoma hata siku moja. Alikuwa anaamka, anakamua, anauza maziwa na jibini, anarudi. Ili upate mtandao kule lazima upande mlima nyuma ya kanisa, kwa hiyo tulipanga siku, na kaka yangu akampandisha mpaka juu na simu. Kwetu ilikuwa saa nne asubuhi. Madame alifungua sauti isikike chumba kizima. Nilisikia upepo kwanza, kisha ng'ombe, kisha Mama.

"Allo? Mutoto wangu, unakulaka?"

"Ninakula, Mama. Niko na profesa wangu hapa. Anataka kukuuliza mambo ya ng'ombe."

"Muzungu? Yeye iko na ng'ombe ngapi?"

Nikatafsiri. Madame akakubali kwamba hana hata mmoja. Mama akaguna, nadhani kwa kumhurumia. Kisha akasema, "Basi aulize tu."

Madame akaanza, kalamu mkononi, kama hakimu. Ng'ombe aliyeachwa akizaa, yule anayelinda anafanya nini?

"Analeta habari na maziwa ya kwanza," Mama akasema. "Kama mwenye ng'ombe alishakimbia, anapeleka ku ndugu yake, ao ku jirani mwenye alisikia siku ile. Lazima muntu ajue. Maziwa njo inasema: ng'ombe ingali yako."

Katika kesi ya Mama Furaha sikuuliza habari ya maziwa. Sikujua kwamba lilikuwa swali.

Na ng'ombe akifa?

"Analeta ngozi."

Na akisema fisi amemla?

"Analeta pembe, ao mukia. Ng'ombe haiishake yote. Kunabakiaka kitu."

Madame alikuwa anaandika mbio. Nilianza kumwona amesahau kwamba mimi nipo. Akaniambia, "Muulize hili. Yule anayelinda naye akakimbia na watoto wake, porini, njaa ikawashika, akamchinja ng'ombe wa mwenzake. Huyo ni mwizi?"

Nikatafsiri.

"Muulize ule mama," Mama akasema, "yeye alishaka lala na njaa pamoja na batoto?"

Nikasita, lakini nikatafsiri. Madame akatikisa kichwa: hapana.

"Basi umwambie hivi. Mwenye alikula juu ya kulisha batoto, siku mwenye ng'ombe anarudia, atakuja yeye mwenyewe kusema. Atasema: nilikula, nilipe namna gani? Ule hatumuiti mwizi. Mwenye alikula juu ya tumbo yake, njo anajifichaka. Sisi tunahukumu kule kujificha. Hatuhukumu kule kula."

Nilitafsiri maneno hayo kwa Kifaransa, moja moja. Madame Lievens aliweka kalamu chini. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Akasema kwa sauti ndogo, kama anayejisemea mwenyewe, "Nimefundisha nia njema maisha yangu yote. Sijawahi kuielewa vizuri hivi."

Mama akaita kutoka mlimani, "Sasa na miye niulize! Kwabo, muntu akikimbia na akimuachia mwingine kitu, banafanyaka nini?"

Madame akaeleza habari za notaire, yule ofisa anayethibitisha mikataba, karatasi, sahihi, mhuri.

"Na kama notaire naye amekimbia?" Mama akauliza.

Mwanamke yule, ambaye sijawahi kumwona akicheka darasani, alicheka mpaka akatafuta leso.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepigwa na kitu. Nilikuwa nimelelewa na yule mama. Nimenyonya kwake, nimekula ugali wake, nimebeba ndoo ya maziwa nyuma yake miaka mingi, na sikuwahi kujua kwamba ninatembea nyuma ya mwanasheria. Ilibidi nivuke bahari, na mgeni aniazime simu, ndipo nimsikie.

Sasa nitoe ushauri kidogo, kwa sababu ndio mlioufuata. Ukisoma, funga kitabu kabla ya kuandika. Ukishindwa kusema jambo bila kukifungua tena, hujalielewa, rudi ulisome. Wazo la mtu lipe jina la mtu, na namba ya ukurasa iandike pale pale, usiseme utaitafuta kesho. Hukumu ya mahakama isome mara ya kwanza ukitafuta kitu kimoja tu: hawa watu walikuwa wanagombania nini? Profesa akikupa saa ya kuja ofisini kwake, nenda, hata kama huna swali. Sisi tunaogopa mlango wa mwalimu, na mlango ule ndio nusu ya masomo. Na viatu, nunua vizuri. Koti unaweza kuazima, viatu hapana.

Kazi ile ya kurasa kumi ikakua, ikawa mémoire yangu, lile andiko refu la mwisho wa masomo. Kila kanuni aliyoisema Mama niliiandika, na chini ya ukurasa nikaweka jina lake lote: Konsolata Nyirarukundo, mfugaji, Nyamitaba. Ukurasa baada ya ukurasa, katikati ya majina ya maprofesa wa Paris na Brussels, yeye yupo.

Siku ya kuitetea, mmoja wa wale watatu waliokaa kunihoji aliinua kile kitabu. "Madame, mtu asiyejua kusoma anaweza kuwa chanzo cha sheria?"

Madame Lievens alikuwa amekaa pembeni yake. Hakunisaidia. Alinitazama tu, na nikajua anasubiri jibu la lile swali lake: wewe unafikiri nini.

Nikajibu, "Bwana Profesa, mimi nilijua kusoma, na nikampotezea kesi mama wa watu. Mama yangu hajui kusoma, na kesi ile angeishinda kwa swali moja. Nafikiri tunapaswa kuuliza upya chanzo ni nini."

Wakatoka, wakarudi. Walisoma uamuzi wamesimama, kama desturi yao, na mimi nimesimama. Nilikuwa nimefaulu, na vizuri sana. Yule aliyeniuliza akaja kunipa mkono akaniomba nimwandikie vizuri jina la Mama kwenye karatasi, ili alitamke sawasawa.

Nilipofika Nyamitaba nilimwekea Mama kile kitabu mapajani, nikamwonyesha kwa kidole. Aligusa lile jina. "Hii njo miye?"

"Ndiyo, Mama."

"Na bale bazungu walikubali?"

"Walikubali."

Akafunga kitabu taratibu sana. Akasema ng'ombe wanamngoja, akatoka. Na nilimwona amesimama uani muda mrefu, hakwenda kwa ng'ombe.

Nilikwenda pia Ngungu kumtafuta Mama Furaha. Nilimkuta anapalilia maharage. Nikamwambia kosa langu lote, kwamba nilitakiwa kuuliza habari ya maziwa ya kwanza. Akasimama na jembe lake. "Maziwa? Ule jirani hakuletaka hata siku moja, alijifichaka. Bote hapa banajua." Akanitazama kwa upole ulionichoma. "Maître, ungeniuliza tu."

Tulirudisha ile kesi kwa njia ya maelewano mbele ya wazee, na akapata ng'ombe wanne. Si wote. Wengine walikuwa wameshauzwa na kuliwa, na hilo hakuna shahada inayolirudisha.

Baada ya hapo nilifanya kazi kwa namna nyingine, na kesi moja inanitosha kuwaonyesha. Ilikuwa Walikale. Mteja wangu aliitwa Papa Kalinda, mkulima na mtegaji wa msituni, mtu mfupi wa maneno machache. Alikuwa amekimbia vita, na aliporudi alikuta kijana mmoja, Amisi, naye mkimbizi kutoka upande mwingine, ameshalima sehemu ya shamba lake na kupanda mihogo. Mahakama ilikaa ndani ya darasa la shule. Amisi alikuwa anasema jambo moja tu: "Aonyeshe karatasi." Na karatasi haikuwepo.

Zamani ningeanza kutaja vifungu. Safari hii nilimwuliza Papa Kalinda, "Shamba yako unaijuaka kwa alama gani?"

Akasema, "Siwezi kuisema hapa. Tuende kule."

Nikaomba mahakama ishuke shambani kwenyewe, kama sheria inavyoruhusu. Hakimu alikuwa kijana wa mjini, viatu vyake vinang'aa, lakini alikubali. Tukatembea: hakimu, karani na daftari lake, Amisi na watu wake, kijiji kizima nyuma. Tulipoingia msituni Papa Kalinda akabadilika. Mgongo ulinyooka. Alianza kutaja. Hapa baba yangu alikata mti wa kwanza. Hapa tulikuwa tunatega. Hapa dada yangu alizaliwa, mama alishikwa na uchungu akitoka mtoni. Alitaja kila kijito na kila kisiki, hakutafuta neno, na alipofika kwenye mti mmoja mkubwa alisimama, akasema maneno ya chini kwa lugha yake kwa watu tusiowaona. Hakuna aliyemkatiza. Hakimu alivua kofia.

Kisha Papa Kalinda akaelekeza mkono kwenye mihogo. "Pale kulikuwa mustari ya mawe. Babu njo aliipanga, mupaka ku mutoni. Sasa siioni."

Nilikuwa ninajiandaa kusema, lakini aliyesema alikuwa Amisi.

"Mawe ilikuwako," akasema, macho chini. "Nilifikiri iko ya mutoni tu. Miye njo niliitoa, nikajengea jiko."

Watu wake wakamvuta shati. Akajitoa. "Papa, unionyeshe pahali ilikuwa."

Akaenda nyumbani kwake, si mbali, akarudi na jiwe la kwanza jeusi kwa moshi. Papa Kalinda akamwonyesha kwa fimbo. Akaliweka. Akaenda tena. Hakuna aliyemwamuru; hukumu haikuwa imesomwa. Sisi wote, mahakama nzima ya Jamhuri, tulisimama kwenye matope tukimtazama mtu anayebeba mawe. Alipofika la sita ao la saba, Papa Kalinda aliweka fimbo chini akaenda kumsaidia.

Karani akanong'ona, kalamu juu ya daftari, "Bwana Hakimu, niandike nini?"

Hakimu akamjibu:

"Andika tu kwamba mawe imerudi."